Unga Uliokaa Stoo: Namna ya Kujua Kama Bado Unalika

Sembe ya miezi minne iliyofungwa vizuri kwenye ndoo kavu mjini Tabora inaweza kuwa nzima kabisa, wakati dona ya wiki tano iliyoachwa kwenye salfeti juu ya sakafu ya saruji, katika nyumba iliyo karibu na ziwa kule Kigoma, imeshaharibika. Umri peke yake hausemi mengi. Ukaguzi wa unga huanza kabla hujafunua chombo, kwa kujiuliza mambo matatu: unga huu ni wa nini, punje au makopa (vipande vya muhogo mkavu) yake yalikuwa na hali gani siku ya kusaga, na je, tangu siku hiyo umewahi kuguswa na maji au mvuke?

Unga uliokaa huharibika kwa njia nne. Huota ukungu. Huingia wadudu. Mafuta yake ya asili huharibika na kuutia uchungu. Au huchafuliwa na kitu cha nje, kama mkojo wa panya, mafuta ya taa au dawa ya wadudu. Njia hizi hazina uzito sawa, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea: wanamwaga unga mzuri kwa kuona vidudu viwili, halafu wanasonga ugali wa unga wenye ukungu kwa sababu wameondoa madonge ya juu na uliobaki unaonekana mweupe. Vidudu vichache vinachekechwa. Uchungu wa mafuta huharibu mlo, na ukizidi, unga haufai tena. Ukungu na dawa havina mjadala, hata kama kiroba hicho ndicho chakula chenu cha wiki nzima.

Kila unga na muda wake

Dona ndiyo inayowahi kuharibika. Mahindi yakisagwa bila kukobolewa, kiini kinaingia kwenye unga, na sehemu kubwa ya mafuta ya punje ya hindi iko ndani ya hicho kiini. Nyundo za mashine zikishakivunja, mafuta hukutana na hewa na vimeng'enya vya punje yenyewe, na mabadiliko yanaanza siku hiyo hiyo. Kwa joto la mikoa hii hesabu mwezi mmoja wa uhakika, miwili kama umeihifadhi vizuri. Ukipita hapo, ikague kila unapochota. Unga wa mtama na wa ulezi husagwa na kiini chake pia, kwa hiyo uhesabu kama dona, ingawa ulezi ukiwa punje hukaa miaka.

Sembe imekobolewa. Kiini na pumba vimeondoka, mafuta yaliyobaki ni kidogo, na ikiwa kavu miezi minne hadi sita ni ya kawaida. Ngano nyeupe ni hivyo hivyo ikishafunguliwa na kumiminwa kwenye chombo kikavu. Atta, yenye pumba na kiini, ipe miezi miwili. Tarehe iliyochapwa kwenye mfuko inahusu mfuko uliofungwa na kuwekwa pakavu. Ukishaufungua, au ukiwa umelala dukani chini ya bati linalovuja, tarehe hiyo haikusaidii.

Unga wa lishe unahitaji ukali zaidi kuliko wote. Ndani yake mna mahindi, ulezi, soya na mara nyingi karanga, yaani mafuta mengi, na karanga ni miongoni mwa mazao yanayoshambuliwa sana na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu. Halafu anayelishwa ni mtoto mdogo, ambaye mwili wake hauna uwezo wa mtu mzima wa kustahimili sumu hiyo, na uji huo huo ndio anaopewa kila siku. Wiki tatu hadi nne, basi. Tabora karanga hazikosekani; afadhali uzichambue, uzikaange na uzisage kidogo kidogo, kisha uzitie kwenye uji wakati wa kupika, kuliko kuzichanganya kwenye debe zima la unga. Na kanuni ya mchanganyiko wowote ni moja: unga uliochanganywa huhesabiwa kwa muda wa kile kinachowahi kuharibika.

Ongeza kwenye hesabu hiyo majira. Kigoma mvua huanza mwezi wa Oktoba na kuendelea hadi mwanzoni mwa Mei. Tabora huanza Novemba hadi Aprili. Unga hunyonya unyevu wa hewani hata kama hakuna tone lililoudondokea. Kiroba kilichosagwa Julai, hewa ikiwa kavu, kikafunguliwa na kufungwa hovyo hadi Januari, kimepita katika hali mbili tofauti kabisa, na cha Januari ndicho unachokipika.

Kukagua chombo

Fanya mchana, nje au karibu na dirisha. Taa ya ndani, hasa yenye mwanga wa njano, huficha rangi ya ukungu. Uwe na sahani nyeupe, kijiko kikavu, kikombe chenye kifuniko na maji yanayochemka. Usichomeke pua ndani ya ndoo na kuvuta hewa kwa nguvu. Kama kuna ukungu, vumbi lake huingia kifuani, na mwenye pumu ataumia.

Chota kijiko kimoja juu, kimoja pembeni unga unapogusana na ukuta wa chombo, na kimoja chini kabisa. Usichanganye. Sababu ni kwamba ukungu hauanzi kila mahali kwa pamoja. Kwenye ndoo ya plastiki huanzia juu, kwa kuwa mvuke hukusanyika kwenye kifuniko na kudondoka. Kwenye salfeti iliyokaa sakafuni huanzia chini, kwenye pembe, mahali unyevu wa saruji unapopanda. Anayechota katikati tu kwa kikombe cha kila siku anaweza kula mwezi mzima bila kujua hali ya chini.

Tandaza kila kijiko kwenye sahani na utazame. Unatafuta rangi isiyo ya unga: kijani chenye unjano, bluu iliyofifia, kijivu, nyeusi, au waridi. Tazama pia nyuzi nyembamba kama pamba zilizounganisha unga. Kwenye dona utaona chembe ndogo za kahawia na nyeusi zilizosambaa sawasawa; hizo kwa kawaida ni ncha ya punje, pale hindi linaposhikana na gunzi, na vipande vya ganda. Ukungu haukai hivyo. Wenyewe hujikusanya mahali, una madoa yenye ukingo, na ukiubonyeza kwa kijiko unasambaa kama vumbi la rangi.

Madonge yanastahili muda wako. Unga ulioelemewa na uzito wa gunia la juu hushikana, lakini donge lake ukilifinya kwa vidole viwili linaporomoka na kuwa unga uleule, rangi ile ile ndani na nje. Donge lililotokana na maji ni gumu, lina ganda, na ukilivunja katikati utakuta rangi iliyofifia, au kijani, au unyevu bado upo. Livunje kila donge unalolikuta, usiridhike na la kwanza. Ukipata hata moja lenye rangi ya ukungu ndani, ukaguzi umeisha: chombo chote kinatupwa. Kulitoa donge na kupika uliobaki hakusaidii, kwa kuwa nyuzi za kuvu na sumu yake hutangulia mbali kuliko rangi inayoonekana.

Kisha mkono. Jaza unga kiganjani, ukunje ngumi kwa nguvu, ufungue. Unga mkavu wa mahindi unavunjika mara moja na kuteleza kati ya vidole. Ukibaki donge lenye alama za vidole na ukahisi ubaridi, una unyevu mwingi. Ngano na muhogo ni laini zaidi na hushikana kidogo hata vikiwa vikavu, kwa hiyo linganisha na unga mpya wa aina hiyo hiyo kama upo. Unga wenye unyevu lakini usio na rangi wala harufu yoyote haujafa bado: utandaze juani siku hiyo hiyo, unene usiozidi sentimita mbili, ukiugeuza, kisha uutumie wiki hiyo. Usiurudishe kukaa.

Harufu kavu hudanganya, hasa unga ukiwa baridi. Weka vijiko viwili vikubwa vya unga kwenye kikombe, mimina maji yanayochemka robo kikombe, koroga, funika dakika mbili. Funua na unuse taratibu. Joto hufukuza harufu zilizojificha. Unga mzima hunuka hindi, utamu kidogo, au haunuki kitu. Harufu ya udongo uliolowa au nguo iliyofungiwa ikiwa mbichi ni ya ukungu, hata kama macho hayakuona chochote, hapo usiendelee. Harufu kali inayokwaruza pua, inayofanana na mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mara nyingi, ni ya mafuta yaliyoharibika.

Ulimi ndio wa mwisho, na ni kwa unga uliofaulu yote yaliyotangulia. Usilambe unga mbichi. Unga haujapikwa, na unaweza kubeba vimelea vya kuharisha kutoka shambani, mashineni au kwa panya. Pika vijiko vile viwili viwe uji mzito kwa dakika kumi, uonje, uuteme. Uchungu unaobaki nyuma ya ulimi ni wa mafuta yaliyoharibika. Ukiwa mdogo sana kwenye dona, unga huo hautaua mtu, lakini usimpe mtoto na usiuhifadhi zaidi. Ukiwa wazi, uache. Kuuficha kwa sukari au kuuchanganya na unga mpya ni kuharibu viwili.

Macho hayaoni sumukuvu

Kuna jambo ambalo ukaguzi wa jikoni hauwezi kulifanya, na lazima lieleweke. Aflatoksini, ambayo ndiyo sumukuvu inayoogopwa zaidi, haina rangi, haina harufu wala ladha. Kuvu anayeitengeneza, Aspergillus flavus, huweza kuwa aliota kwenye hindi shambani au ghalani, akafa lilipokauka, na sumu ikabaki. Hindi likisagwa, alama yote ya kuvu hupotea ndani ya weupe. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki kwa mahindi ni maikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo, na ile ya aina ya B1 isizidi 5. Maikrogramu 10 ni sehemu moja ya laki moja ya gramu. Hakuna jicho la kuiona.

Kupika hakuiondoi. Ugali unachemka, aflatoksini inavumilia joto kubwa kuliko la maji yanayochemka. Kuchekecha hakuiondoi, kuanika unga juani hakuiondoi, kuchachusha pombe ya mahindi hakuiondoi kwa kiwango cha kutegemewa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, mahindi yenye sumu hii yaliua watu 20. Anayeila kwa wingi hutapika, tumbo huuma na kujaa, macho huwa ya manjano, kwa kuwa ini ndilo linaloshambuliwa. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka haoni dalili, lakini anajiongezea hatari ya saratani ya ini. Mtu wa nyumbani akipata dalili hizo baada ya kula ugali wa unga wa zamani, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mbebe unga kidogo ndani ya mfuko uliofungwa.

Kwa hiyo usalama wa unga huamuliwa zaidi kabla ya mashine. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani au waridi, zilizotobolewa na wadudu, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu. Kuzichambua kwa mkono kwenye ungo ni kazi ya saa moja kwa debe, na sijui kazi nyingine ya nyumbani inayolipa zaidi. Kukoboa nako kunapunguza, kwa kuwa sumu hujazana kwenye ganda na kiini. Mahindi unayoyatilia shaka usiyafanye dona. Na pumba za mahindi hayo usiwape kuku.

Ukitaka kujua kama mahindi yamekauka vya kutosha kabla ya kusaga, tumia chumvi. Chukua chupa safi, kavu, yenye mdomo mpana, ijaze mahindi theluthi moja, ongeza vijiko vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani au kwenye kikaango. Tikisa dakika moja, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, unyevu umepita asilimia 15. Rudisha mahindi juani. Isiponata, uko chini ya hapo. Kipimo hiki hakithibitishi zile asilimia 13.5 zinazotakiwa kwenye viwango, ila kinakuzuia kusaga mahindi mabichi. Chumvi yenye unyevu haipimi kitu.

Muhogo ni habari nyingine

Kigoma unga wa muhogo ni chakula cha kila siku, na kanuni zake hazifanani na za mahindi. Muhogo uliolowekwa au kuvundikwa kabla ya kuanikwa una harufu ya uchachu, na rangi yake inaweza kuwa ya maziwa au kijivu hafifu. Hiyo ni hali yake. Asiyeuzoea atasema umeoza. Uchachu safi unafanana na maziwa mgando. Harufu ya uvundo, ya nguo mbichi au ya udongo, ndiyo mbaya. Muhogo uliovundikwa huota ukungu kwa makusudi wakati wa kuvundika, nao hukwanguliwa wote kabla ya kuanika. Makopa yaliyosagwa na ganda lake jeusi au kijani hutoa unga wenye madoa, na unga huo usiununue hata bei ikiwa nusu.

Uchungu nao una maana tofauti. Kwenye dona, uchungu ni uzee. Kwenye unga wa muhogo, uchungu ni dalili ya sumu ya sianidi iliyobaki kutoka kwenye muhogo mchungu ambao haukulowekwa siku za kutosha, na unaweza kuwapo kwenye unga uliosagwa jana. Mafuta kwenye muhogo ni kidogo mno, kwa hiyo unga wake hauzeeki kwa uchungu, na sianidi haiongezeki kwa kukaa stoo. Kizunguzungu, kutapika na kichwa kuuma saa chache baada ya kula ugali wa muhogo ni dalili za kwenda kituo cha afya haraka.

Unga wa muhogo mkavu, usio na ukungu, ambao una uchungu kidogo au hujui ulitengenezwaje, unaweza kupunguzwa sianidi kwa kuulowesha. Weka unga kwenye bakuli, usawazishe, weka alama usawa ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga. Mwanzoni unga utashuka chini ya alama, kisha utapanda. Ukifika kwenye alama tena, acha. Tandaza huo mchanganyiko kwenye mkeka safi au turubai, unene usizidi sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Gesi ya sianidi hutoka hewani wakati huo. Songa ugali siku hiyo hiyo, maana unga uliolowa hautunziki. Unene ndio unaoharibu kazi hii: ukirundika sentimita tatu, sehemu ya chini inabaki na sianidi yake.

Wadudu

Mdudu wa kawaida kwenye unga ni mdogo, mwekundu wa kahawia, mrefu milimita tatu hadi nne, anayekimbia ukifunua ndoo. Buu lake ni la njano hafifu. Yeye hahitaji punje. Unga ndio makazi yake. Fukusi, mwenye mdomo mrefu, hukaa ndani ya punje, na ukimkuta kwenye unga ametoka kwenye mahindi yaliyo jirani au alinusurika mashineni. Nondo wadogo huacha utando unaoshikanisha unga kwenye kingo za mfuko. Dumuzi, ambaye aliripotiwa kwa mara ya kwanza Afrika mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya kuletwa kutoka Amerika ya Kati, hugeuza mahindi na makopa ya muhogo kuwa vumbi. Vumbi hilo lina kinyesi chake na maganda ya mabuu. Makopa yaliyotobolewa hivyo yakung'ute na kuyachambua. Yakiwa yanavunjika kwa vidole, yaache.

Ukikuta wadudu wachache, hakuna harufu, hakuna donge: chekecha unga kwa chekeche lenye matundu madogo, mwaga wadudu kwenye maji ya moto au motoni, tandaza unga juani kwenye turubai jeusi saa nne hadi tano, uchekeche tena. Mayai ni madogo kuliko matundu na baadhi yatabaki, ndiyo maana unga huo unaliwa ndani ya wiki moja au mbili. Kwa joto letu, yai linafika kuwa mdudu kamili kwa takriban wiki nne hadi sita. Mwenye friza afunge unga kwenye mfuko na kuuacha ugande siku nne. Hapo mayai nayo yanakufa. Autoe na kuuacha ufikie joto la chumbani kabla ya kuufungua, la sivyo mvuke utageuka maji juu yake.

Unga ukiwa na wadudu wengi kiasi cha kuona unatikisika, au umekuwa na rangi ya waridi iliyochafuka na harufu kali ya dawa dawa, usichekeche. Wadudu wekundu wakizidi hutoa kemikali inayobadilisha rangi na ladha, na haitoki. Vumbi laini la kahawia linalosogea polepole ukilitazama kwa makini ni utitiri. Huyo huja palipo na unyevu, na penye unyevu wake ukungu hauko mbali. Watu wenye pumu wasiuguse unga huo.

Dawa, panya na harufu za jirani

Dawa ya kuhifadhi nafaka, kama Actellic ya unga, imetengenezwa kwa punje nzima, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na punje hizo husubiri muda ulioandikwa kabla ya kuliwa. Haitiwi kwenye unga, hata kidogo. Vidonge vya kufukiza ghala vinavyotoa gesi ya fosfini vinaua watu ndani ya nyumba. Havina nafasi kwenye chumba mtu anapolala wala kwenye ndoo ya unga. Unga uliotiwa dawa na mtu wa nyumbani kwa nia njema unatupwa wote. Vivyo hivyo unga wa mahindi ya mbegu, yale yenye rangi ya waridi, kijani au bluu iliyopakwa kiwandani. Kuosha hakutoshi.

Kinyesi cha panya, mfuko uliotafunwa, au madoa ya njano yenye harufu ya mkojo: tupa. Mkojo wa panya hueneza magonjwa kadhaa, homa ya mgunda ikiwemo, na haionekani umefika wapi ndani ya unga mkavu.

Unga hunyonya harufu ya jirani yake. Kigoma ni jambo la kawaida kiroba kukaa pembeni ya dagaa au dumu la mawese, na unga ukanuka samaki. Huo haujaharibika, upitishe juani, harufu itapungua, na uutumie kwa ugali badala ya uji. Mafuta ya taa, petroli na dawa za shamba ni kitu kingine kabisa. Ukisikia harufu hizo, hata kwa mbali, unga hauliwi.

Unga uliokataliwa unakwenda wapi

Mazoea ni kuupeleka kwa kuku, nguruwe au ng'ombe, au kuutengenezea pombe. Wadudu wachache tu, wape kuku, watafurahi. Ukungu, hapana. Bata huathirika na aflatoksini upesi kuliko kuku, na ng'ombe wa maziwa akila chakula chenye sumu hiyo sehemu yake hutoka kwenye maziwa, yakarudi kwa mtoto uliyekuwa ukimkinga. Unga wenye ukungu ulowanishe kwanza ili vumbi lisipeperuke, funga kitambaa puani, uufukie shimoni mbali na kisima na mahali kuku wanapochakura. Wenye dawa usiuchome moto. Ufunge vizuri na umwone afisa afya wa kata.

Ukiwa umeununua na ukakuta ukungu siku chache baadaye, usiumwage wote mara moja. Bakiza kidogo pamoja na mfuko wenye namba ya toleo na tarehe, umwonyeshe muuzaji na afisa afya. Usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, na bila mfuko hakuna wa kufuatiliwa.

Kabla ya kujaza upya

Unga hutoka mashineni ukiwa wa moto. Ukiufungia kwenye ndoo hivyo hivyo, mvuke hupanda, hukutana na kifuniko baridi, hudondoka, na safu ya juu huota ukungu kabla wiki mbili hazijaisha. Hilo ndilo kosa linaloharibu unga mwingi nyumbani, na dawa yake haigharimu kitu: utandaze kivulini kwenye turubai safi hadi upoe kabisa ukiushika, saa mbili au tatu, ndipo ufunge. Saga debe moja au nusu, kiasi cha wiki mbili au tatu. Mahindi yaliyobaki yabaki punje, kwenye pipa au mifuko ya PICS isiyopitisha hewa. Wakati wa mvua saga kidogo zaidi.

Chombo kikae juu ya chaga ya mbao, mbali na ukuta, mbali na jiko linalotoa mvuke. Kikombe cha kuchotea kisiwe kile kinachotoka kuoshwa. Na usimimine unga mpya juu ya masalia ya zamani: maliza, kung'uta kingo na mfuniko ambako mayai hujificha, osha kwa maji ya moto na sabuni, kisha weka ndoo juani ikiwa imefunuliwa siku nzima. Plastiki hushika unyevu kwenye mikunjo ya ukingo hata ikionekana kavu. Pitisha kitambaa kikavu hapo, na kikitoka na maji, ndoo isubiri siku ya pili.